Kabla Hujang'oa Dirisha la Zamani

Mazungumzo na walaji kuhusu kubadilisha madirisha ya nyumba



Tumekutana kuzungumza juu ya kitu ambacho mwenye nyumba hukitazama kila siku lakini hukinunua mara chache sana maishani. Mtu akipunjwa sukari leo, kesho huenda duka jingine. Aliyebadilisha madirisha manane, kisha akagundua wakati wa masika kwamba yanavuja, hana kesho ya namna hiyo. Fedha zimekwisha, ukuta umekwisha kuchokonolewa, na fundi ameshapata kazi mtaa mwingine. Ndiyo maana tunaliweka dirisha miongoni mwa bidhaa zinazostahili maswali mengi kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Nyumba nyingi za mijini kwetu zilizojengwa miaka ya 1970 na 1980 zina fremu za mbao, nondo, wavu wa waya na vibao au vioo vinavyofunguka kwa bawaba. Nyingine zina luva, yaani vipande vya vioo vilivyolala ngazi ngazi na kufunguliwa kwa mkono mmoja wa chuma. Siku hizi wenye nyumba wanaving'oa vyote hivyo na kuweka aluminiamu ya kuteleza, ile ambayo mafundi huiita ya kuslaidi. Hatuna ugomvi na aluminiamu. Ni bidhaa nzuri ikitengenezwa vizuri. Tunachokipinga ni kununua kwa kumtazama jirani. Nyumba ya jirani huenda inatazama upande mwingine wa upepo, ina paa lililotokeza zaidi, na ina vyumba vyenye madirisha mawili ilhali chako kina moja.

Tuanze na upepo, kwa sababu hapo ndipo walaji wengi wa pwani wanapopoteza kitu bila kujua kwamba wamekipoteza. Dirisha la kuteleza lenye vioo viwili haliwezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Dirisha la sentimita 150 kwa 120 lina eneo la mita za mraba 1.8, lakini hewa hupita katika mita za mraba 0.9 tu, na hata hizo hupungua kwa upana wa fremu. Luva ya ukubwa huohuo, ikifunguliwa yote, hupitisha hewa karibu eneo lake lote. Dirisha la bawaba nalo hufunguka zima. Kwa hiyo mtu wa Tanga au Mtwara anayeondoa luva na kuweka dirisha la kuteleza katika tundu lilelile amekubali kupunguza upepo wa chumba chake kwa nusu. Baada ya hapo hununua feni; baada ya feni, kiyoyozi; na bili ya umeme hupanda mwezi baada ya mwezi. Gharama hiyo haimo katika karatasi ya makadirio ya fundi, wala si kazi ya fundi kuiandika. Ni kazi ya mnunuzi kuikumbuka.

Wazee wa pwani waliijua dira ya upepo kuliko sisi tuliosoma. Miezi ya joto kali, kuanzia Desemba hadi Machi, hutawaliwa na kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hivi, ukitoka kusini-mashariki. Chumba chenye dirisha linaloupokea upepo huo, na tundu jingine upande wa pili pa kuutolea, hupoa hata kwa dirisha la kuteleza. Chumba cha kulala chenye dirisha moja tu hakina neema hiyo, na kwa chumba cha namna hiyo tunashauri bawaba au luva, hata kama sebule itawekewa ya kuteleza ili ipendeze kwa wageni. Hakuna sheria inayosema madirisha yote ya nyumba lazima yafanane.

Kwa ndugu zetu wa Njombe, Makete, Lushoto na Mbeya, hesabu hugeuka. Huko Juni na Julai adui ni baridi ya usiku. Luva hailingani na mazingira hayo, kwa kuwa vipande vyake havikutani kikamilifu, na baridi hupenya usiku kucha hata mkono ukiwa umefungwa. Dirisha la bawaba lenye mpira mzunguko mzima ndilo linaloziba vizuri zaidi, kwa sababu likifungwa hukandamiza mpira. La kuteleza hupita tu kando ya mpira au brashi yake bila kuikandamiza. Anayetaka la kuteleza katika nchi ya baridi na aangalie brashi hiyo kwa makini, maana ndiyo nguo ya dirisha lake.

Jua nalo lina upande wake. Madirisha ya kaskazini na kusini hulindwa kwa urahisi na paa lililotokeza, kwa sababu katika nchi yetu jua la mchana hupita juu karibu na utosi. Madirisha ya mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini, asubuhi na alasiri, na paa haliwasaidii sana wakaao humo. Wauzaji wengi hupendekeza kioo cha rangi ya giza. Kioo hicho hupunguza mwanga mkali, lakini sehemu kubwa ya joto huimeza chenyewe, kikapata moto, kisha kikalirudisha joto hilo chumbani kidogo kidogo jioni nzima. Kivuli kilicho nje ya kioo, kiwe ubao, turubai, mkeka au mti, hufanya kazi bora kuliko kioo cha giza na kuliko pazia la ndani, kwa kuwa hulizuia jua kabla halijaingia. Mti, tena, hauuzwi kwa mita ya mraba.

Sasa mbu. Mbu wa malaria huuma usiku, saa zilezile ambazo watu wa joto hupenda dirisha liwe wazi. Fremu ya kuteleza yenye reli mbili haina mahali pa wavu. Inayokubali wavu wa kuteleza ina reli ya tatu. Tofauti ya reli mbili na tatu ni ndogo machoni na kubwa katika bei, na makadirio ya bei nafuu mara nyingi ni ya reli mbili. Ulizeni kwa maneno haya: "Je, wavu umo katika bei hii, na je, una reli yake?" Wavu wa kuteleza una tabia moja ambayo wengi huijua wakiwa wameshalipa: hukinga tu pale kioo kinapokuwa kimefunguliwa hadi mwisho. Ukikiacha kioo katikati, hubaki mwanya kati ya fremu ya kioo na fremu ya wavu, na mbu hauhitaji mwanya mkubwa. Jaribio ni rahisi. Funga wavu, fungua kioo kote, kisha pitisha ukurasa wa daftari pembeni mwa fremu ya wavu. Ukipita bila kugusa brashi, mwambie fundi arekebishe. Kuhusu wavu wenyewe, matundu yasizidi takriban milimita moja na nusu, na kwa walio karibu na bahari, waya wa chuma usichaguliwe, chumvi huula. Wavu wa nyuzi za kioo au wa plastiki imara hudumu zaidi.

Tuje kwenye fremu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, kwa kuwa hujifunika utando wake mwembamba unaoilinda. Lakini neno "haishiki kutu" lina mipaka. Katika hewa ya chumvi, aluminiamu isiyopakwa hutoboka vidoadoa, na kwa hiyo nyumba za ufukweni zinahitaji fremu iliyopakwa rangi ya unga iliyochomwa kiwandani, au iliyotiwa utando mnene kwa umeme. Skrubu za chuma cha kawaida zikigusana na aluminiamu mahali penye unyevu wa chumvi, huanzisha ulaji pale zinapogusana, na hapo fremu hulegea. Dai skrubu za chuma kisichoshika kutu. Ni kitu kidogo ambacho fundi mwadilifu hatakikatalia. Saruji mbichi nayo huchubua aluminiamu, na ndiyo sababu fremu huja na karatasi ya plastiki. Karatasi hiyo ibaki mpaka lipu ikauke, kisha iondolewe yote. Wapo wanaoiacha miaka miwili wakidhani wanaitunza fremu, hadi jua liigandishe isitoke tena.

Jambo ambalo macho hayawezi kuliona ni unene wa kuta za fremu. Fremu mbili zenye rangi moja na umbo moja zinaweza kutofautiana kwa unene, moja ikiwa na milimita 1.4 na nyingine ikiwa chini ya milimita 1. Ile nyembamba hupinda upepo ukivuma, vigurudumu hutoka relini, na skrubu haishiki. Muuzaji akikupeleka kwenye dirisha la maonyesho dukani, mwombe kipande kilichokatwa cha fremu ileile atakayotumia, na kipimwe mbele yako. Kipande hicho ondoka nacho. Tutaeleza baadaye kwa nini.

Mbao zimesemwa vibaya kuliko zinavyostahili. Fremu ya mninga, mkongo au mvule iliyokaushwa vizuri huishi miaka mingi, nayo mchwa huishinda kwa taabu. Msonobari usiotiwa dawa haufai kabisa kwa dirisha, na mbao yoyote iliyofungwa ikiwa mbichi itapinda mpaka dirisha likatae kufungwa. Sasa tunasema maoni yetu waziwazi, hata kama hayatawafurahisha wauzaji: mwenye nyumba ambaye fremu zake za mninga bado ni nzima hana sababu ya kuzing'oa. Mtu achukue bisibisi, aidunge fremu kwenye pembe za chini, ambako maji hutuama. Ncha ikigoma, mbao ni nzima. Badilisha wavu, badilisha bawaba na komeo, tia puti mpya kwenye vioo, paka rangi au mafuta, na dirisha litarudi kazini kwa sehemu ndogo ya gharama ya jipya. Ncha ikizama kama kwenye mkate, hapo hakuna mjadala.

Fremu za chuma zina nguvu dhidi ya mwizi na zinafaa bara kuliko pwani, mradi zipakwe rangi kabla kutu haijaanza. Za plastiki ngumu haziozi wala hazishiki kutu, na huzuia joto na baridi kuliko aluminiamu. Kwa kuwa mafundi wake ni wachache, jihakikishieni kwanza kwamba vipuri vyake vinapatikana katika mji wenu.

Kuhusu usalama kuna mambo mawili ambayo hatutaki yapite haraka. La kwanza ni kioo. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali. Kioo kilichokazwa kwa joto husambaratika punje punje zisizo na ncha, na kile cha tabaka mbili zilizoshikwa na utando wa plastiki hupasuka bila kuanguka. Dirisha linaloanzia karibu na sakafu, la kando ya mlango, la bafuni au la mahali watoto wanapochezea mpira, lisiwe na kioo cha kawaida. Kioo kilichokazwa hakiwezi kukatwa baada ya kukazwa. Kwa hiyo fundi anayekuahidi kioo hicho, kisha ukamwona anakikata kwa kalamu ya almasi kibarazani pako, anakudanganya. Kwa kawaida kioo cha namna hiyo huwa na chapa ndogo iliyochomwa kwenye pembe.

La pili ni nondo. Tunaelewa kwa nini watu huziweka. Luva hung'olewa kipande kimoja kimoja bila kelele, na dirisha la kuteleza lisilo na kizuizi cha juu linaweza kunyanyuliwa kutoka relini na kuwekwa chini kama sinia. Lakini nondo zilizochomelewa katika kila dirisha hugeuza nyumba kuwa kifungo siku ya moto, hasa moto unapoanzia upande wa mlango. Familia hushindwa kutoka, na majirani hushindwa kuingia. Unapobadilisha madirisha ndiyo nafasi ya kurekebisha hili: kila upande wa nyumba wenye vyumba vya kulala uwe na angalau nondo moja yenye bawaba, inayofunguliwa kutoka ndani, ufunguo wake uning'inie mahali ambapo kila mkazi, mtoto mwenye akili timamu akiwemo, anapajua gizani na ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki. Uhakika kwamba watu wa nyumbani wanaweza kutoka hauna bei katika makadirio yoyote.

Wasomaji wetu wa Unguja wanaokaa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wasianze lolote kabla ya kuomba kibali cha mamlaka ya hifadhi ya mji huo. Na mpangaji, popote alipo, asibadilishe dirisha bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, hata kama wanaelewana.

Sasa bei. Kipimo rasmi nchini ni mita, lakini mafundi wengi huhesabu kwa futi. Mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76. Tuchukue mfano, ambao si bei ya soko. Fundi wa kwanza anataka shilingi 14,000 kwa futi ya mraba. Wa pili anataka shilingi 145,000 kwa mita ya mraba. Wa kwanza anasikika nafuu sana. Dirisha letu la sentimita 150 kwa 120 lina futi za mraba 19.375, kwa fundi wa kwanza ni shilingi 271,250, na kwa wa pili ni shilingi 261,000. Kisha fundi wa kwanza anasema, "Mzee, hii tuite futi tano kwa nne," na dirisha linakuwa futi 20, shilingi 280,000. Kwa kauli hiyo moja ameongeza shilingi 8,750 kwa kila dirisha, na kwa madirisha manane ni shilingi 70,000. Hatusemi kila fundi anayekadiria hivyo ni mwizi. Wengine wamezoea tu. Lakini fedha ni zako. Omba makadirio yote kwa mita, na kila moja litaje unene wa fremu, unene na aina ya kioo, idadi ya reli, wavu, usafiri, ung'oaji, ufungaji na ukarabati wa lipu. Makadirio yasiyotaja lipu yana maana kwamba lipu utaigharimia wewe.

Kuhusu malipo ya awali, fundi huhitaji fedha za kununua vifaa, na hilo ni haki. Lakini asilimia iliyobaki ndiyo sauti yako pekee. Aliyelipa yote kabla ya kazi ameibakiza hisani ya fundi tu. Panga malipo kwa hatua: sehemu ya vifaa, sehemu fremu zinapofika na kukaguliwa, na sehemu ya mwisho baada ya majaribio. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, ila ni magumu kuyathibitisha; yaandikwe, yatiwe saini, na kila malipo yaambatane na risiti ya mashine ya kielektroniki. Na kile kipande cha fremu mlichoondoka nacho dukani, kiandikwe tarehe na kisainiwe na muuzaji. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa sampuli lazima ilingane na sampuli hiyo. Mlaji mwenye kipande mkononi ana ushahidi. Asiye nacho ana kumbukumbu tu. Vilevile Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kuuza kioo cha kawaida kwa jina la kilichokazwa ni upotoshaji wa wazi.

Kabla ya malipo ya mwisho, fungua na funga kila dirisha kwa kidole kimoja. Jaribu kuunyanyua mlango wa kioo kutoka relini. Chungulia reli ya chini upande wa nje: lazima kuwe na vitundu vya kutolea maji, visivyozibwa na silikoni wala saruji, na kizingiti kiteremke kuelekea nje. Kisha mtu mmoja abaki ndani, mwingine amwage ndoo ya maji taratibu kwenye kioo kutoka nje, na dakika kumi baadaye ukuta wa ndani upapaswe. Fundi aliyefanya kazi vizuri atakushikia ndoo mwenyewe.

Likitokea tatizo baada ya hapo, mpe fundi au kampuni taarifa kwa maandishi, eleza kasoro, ambatisha picha zenye tarehe, na mpe muda unaofaa wa kurekebisha. Usimwite fundi mwingine agusegue kazi kabla ya hapo, kwa kuwa wa kwanza atasema kasoro imeletwa na wa pili. Muda ukipita bila jibu, leteni kwetu makubaliano, risiti, picha na kile kipande cha fremu.

Na zile fremu za zamani zilizong'olewa, kabla kazi haijaanza kubalianeni ni za nani. Mninga wa miaka arobaini una wanunuzi, na mafundi wanawajua.